Vikombe vya kupima mkojo madukani Mombasa: vinaona nini, vinapitwa na nini

Maduka makubwa ya dawa hapa Mombasa, ya mjini na ya upande wa Nyali na Bamburi, yanauza vipimo vya dawa za kulevya vya kujipimia nyumbani. Vinakuja kwa sura tatu: kijiti cha dawa moja, kadi yenye vijiti kadhaa vilivyojipanga kama meno ya kitana, na kikombe chenye vijiti vilivyobandikwa ubavuni kwa ndani. Mnunuzi mara nyingi ni mzazi. Kijana wake halali, amekonda, anasaga meno, hasira ziko karibu, na chini ya godoro imeonekana karatasi ya vidonge asivyoandikiwa na daktari yeyote.

Tunavitazama hapa kwa swali moja tu: vinamfaa vipi anayetumia vibaya vidonge vya kuchangamsha, na familia inayotaka aache? Kwa bangi na unga (heroini) vina kazi yao. Kwa vidonge hivi, vingi vinavyouzwa havikioni kidonge kinachotafutwa, na vinavyokiona huona pia visivyohusika. Mikononi mwa kliniki yenye mpango, ni chombo kizuri sana. Mikononi mwa mzazi anayetafuta ushahidi wa kumbana mtoto, ni hela za kununua ugomvi.

Anza na herufi, kwa sababu boksi hukuambia "dawa tano" au "dawa kumi" kwa maandishi makubwa na kuzitaja kwa madogo. AMP ni amfetamini. MET ni methamfetamini. THC ni bangi, COC ni kokeini, MOP au OPI ni mofini na unga, BZO ni jamii ya Valium, TML ni tramadoli, MTD ni methadoni.

Sasa Ritalin na Concerta, ambazo daktari huwaandikia wenye tatizo la kutotulia na kukosa umakini. Ndani yake mna methilfenideti. Ni kichangamshi, na kazi yake kwenye ubongo iko karibu na ya amfetamini, lakini umbo lake la kikemia ni jingine, na kingamwili zilizo kwenye kijiti cha AMP hazilitambui. Mwili huivunja kuwa asidi ya ritaliniki, na hiyo ndiyo inayotoka kwenye mkojo. Kijiti chake kipo, huandikwa MPD, lakini hakimo kwenye vikombe vya kawaida. Lazima ukiagize chenyewe. Modafinil, kidonge kingine cha kukesha, haionekani kwenye AMP wala kwenye MPD. Kwa hiyo mwanafunzi anayemeza Ritalin mfululizo wakati wa mitihani anaweza kukukabidhi mkojo safi kwenye kikombe cha dawa kumi na mbili, na wala hakuchezea kitu. Adderall na Vyvanse, zikiletwa na jamaa kutoka Marekani, ni habari nyingine: ya kwanza ni amfetamini yenyewe, ya pili hugeuka kuwa amfetamini mwilini, na AMP huziona zote mbili.

Ubavuni mwa herufi au kwenye karatasi ya maelekezo pana namba, kwa kawaida 1000 au 500. Ni nanogramu kwa mililita moja ya mkojo. Chini ya kiwango hicho kijiti husema hakuna, hata kama dawa imo. Ukipewa kuchagua, chukua cha 500, kinaona mbali zaidi kidogo. Hata hivyo usitarajie makubwa: amfetamini hukaa kwenye mkojo siku moja hadi tatu, labda nne kwa anayetumia nyingi, na methilfenideti siku moja hadi mbili. Aliyemeza Ijumaa usiku akapimwa Jumatano atakuwa safi.

Kosa linaloharibu nyumba nyingi ni la kusoma mistari. Kipimo cha mimba na cha malaria vimetuzoesha kwamba mistari miwili maana yake "ipo". Hapa ni kinyume kabisa. Kijiti kina sehemu mbili: C, mstari wa kuonyesha kijiti kinafanya kazi, na T, mstari wa kipimo. Kwenye sehemu ya T pamepakwa dawa yenyewe, inangoja kingamwili zenye rangi zipite. Mkojo usipokuwa na dawa, kingamwili hufika zikajishika hapo na mstari ukajichora. Mkojo ukiwa na dawa, kingamwili zimeshakamatwa njiani, na pale T hakuna cha kuchora mstari. Basi: mistari miwili, C na T, haikuonekana dawa. C peke yake, inashukiwa imo. C isipotokea, kijiti kimekufa, tupa uchukue kingine. Na mstari wa T uliofifia, hata ule wa kuutafuta kwa tochi ya simu, ni mstari. Husomwa sawa na uliokoza. Rangi yake haikupi kipimo cha kiasi alichomeza, wala haisemi kwamba "anapunguza".

Halafu kuna joto letu. Boksi nyingi zimeandikwa zihifadhiwe kati ya nyuzi 2 na 30 za Selsiasi. Mombasa mwezi wa pili na wa tatu joto la mchana hufika 32 au 33 kivulini. Ndani ya kibanda cha mabati, juu ya dashibodi ya gari au kwenye kisanduku cha bodaboda kinachokuletea mzigo, ni zaidi ya hapo sana. Ongeza unyevu wa bahari. Kingamwili hudhoofu kwa joto, utando wa kijiti hunyonya unyevu, na mistari hufifia. Kwa kipimo ambacho mstari usioonekana maana yake ni "dawa imo", kufifia huko kunamtia mtu hatiani bure. Nunua kwenye duka lenye kiyoyozi, na usione haya kumuuliza mfamasia boksi zilikaa wapi kabla hazijafika rafuni. Angalia tarehe ya mwisho. Bonyeza pakiti ya kijiti: iwe imefungwa kotekote, na ndani kuwe na kile kipakiti cha kukausha unyevu. Nyumbani iweke kwenye kabati la chumbani, si bafuni. Ukiiweka kwenye friji, itoe ikae mezani nusu saa kabla ya kuifungua, la sivyo itatoa jasho. Ikishafunguliwa, itumie ndani ya saa moja.

Upimaji wenyewe ni wa dakika sita, na kila dakika ina kazi. Mkojo wa kwanza wa asubuhi ndio mzito, ndio bora. Vikombe vizuri vina kibandiko cha joto ubavuni: ndani ya dakika nne tangu kukojoa kisome kati ya nyuzi 32 na 38, nje ya hapo, yawezekana mkojo huo haukutoka mwilini wakati huo. Kwa kijiti au kadi, chovya kwa sekunde 10 hadi 15 bila kuvuka alama ya juu. Ukivuka, mkojo hupanda kwa fujo na kuosha rangi. Laza mezani pakavu, washa saa ya simu, soma dakika ya tano, piga picha hapohapo. Baada ya dakika kumi usisome tena, kwa sababu kijiti kinapokauka mistari huja na kuondoka kivyake. Kikombe hakina cha kuchovya, na hiyo ndiyo fadhila yake kubwa: unafunga kifuniko na mkono haugusi mkojo.

Mkojo mweupe kama maji ni tatizo. Maabara huutilia shaka kreatinini, taka ya misuli inayotoka na mkojo, ikiwa chini ya miligramu 20 kwa desilita na uzito wake ukilinganishwa na wa maji ukiwa chini ya 1.003. Kadi nyingine zina kijiti cha ziada, SVT, kinachoangalia hayo pamoja na asidi na dalili za kumwagiwa Jik au kitu kama hicho. Ni nyongeza inayostahili bei yake. Lakini hapa pwani, kwa jua hili, mtu kunywa lita tatu za maji si hila. Mkojo mwepesi si ushahidi wa udanganyifu, ni sababu ya kurudia kesho asubuhi. Na mzazi kumsimamia kijana wa miaka kumi na sita chooni hatulipendekezi hata kidogo. Kama mambo yamefika hapo, apimwe kliniki.

Upande wa pili wa shilingi ni kipimo kusema "imo" wakati haimo. Kijiti cha AMP ni mwepesi wa kusingizia. Dawa za mafua zenye sudoefedrini humdanganya. Promethazini, ile ya mzio na kichefuchefu, humdanganya. Klopromazini, ambayo wagonjwa wengi wa akili hutumia, humdanganya. Labetaloli, dawa ya presha wanayopewa sana wajawazito, humdanganya pia, na hebu fikiria mama mja mzito anaambiwa anatumia dawa za kulevya kwa sababu ya kidonge alichopewa kliniki. Kabla ya kupima, andika kila dawa aliyomeza katika siku saba zilizopita, pamoja na za kununua bila karatasi.

Na muguka, majani ya jamii ya miraa? Serikali ya kaunti iliipiga marufuku Mei 2024, mahakama ikasimamisha amri hiyo siku chache baadaye, na vijana wanaendelea kuchana. Kichangamshi chake ni kathinoni, ndugu wa amfetamini, ambayo mwili huigeuza kuwa norefedrini. Vijiti vya AMP havikutengenezwa kwa ajili yake. Baadhi huigusa ikiwa nyingi, vingine huiacha ipite, inategemea mtengenezaji. Kwenye karatasi ya maelekezo pana jedwali la vitu vinavyoingiliana na kipimo. Tafuta norefedrini au fenilpropanolamini uone inaanza kuonekana kwa kiwango gani. Boksi lisilo na jedwali hilo liache dukani. Jambo la maana zaidi kuhusu muguka ni kwamba huficha picha: aliyechana jana na aliyemeza kidonge jana wote hawalali na wote hawali, na kijiti hakitawatenganisha.

Bugizi, yaani vidonge vya kutuliza vya jamii ya Valium, nazo zina mtego wao. BZO huiona Valium vizuri, lakini huipita klonazepamu na lorazepamu mara nyingi. Artane (triheksifenidili, kidonge kingine kinachotumiwa vibaya) haina kijiti kabisa kwenye kikombe cha kawaida. Hili linawahusu watumiaji wa vidonge vya kuchangamsha kwa sababu wengi huchangamka navyo mchana na kujituliza usiku kwa bugizi. Mtu wa namna hiyo asilazimishwe kuacha vyote siku moja: kuacha vichangamshi ghafla huleta uchovu na huzuni, lakini kuacha bugizi ghafla baada ya matumizi ya muda mrefu huweza kuleta degedege. Apelekwe kwa daktari apunguziwe hatua kwa hatua.

Kwa sababu hizi zote, C peke yake ni shaka, haijawa hukumu. Mkojo uliobaki ufunge, uweke kwenye friji nyuzi 2 hadi 8, upeleke maabara ndani ya saa 48 kwa kipimo cha mashine inayotenganisha kemikali na kuzitambua moja moja. Uliza kabla ya kulipa, maana kuna maabara zitakazochovya kijiti kilekile ulichochovya wewe kisha zikupe risiti. Kampuni za malori na za bandarini zinazopima wafanyakazi zina wajibu uleule, na majibu hayo ni taarifa za afya zinazolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Hayabandikwi kwenye ubao wala hayatumwi kwenye kundi la WhatsApp la madereva.

Tukilinganisha, kikombe cha dawa kumi na mbili ni cha kupendeza macho tu kwa kazi hii: unalipia vijiti kumi usivyovihitaji na hupati MPD. Kadi ni ya katikati, nzuri ikiwa ina SVT. Kwa familia inayohangaika na vidonge vya kuchangamsha, nunua vijiti vya AMP vya 500 na vya MPD, pakiti ya vingi pamoja, na vikombe vitupu vya maabara.

Ila kwa Ritalin iliyoandikwa na daktari kipo kipimo kinachoshinda vyote, nacho ni kuhesabu. Aliyeandikiwa kidonge kimoja mara mbili kwa siku, vidonge 60 ni siku 30. Mwisho wa siku ya 20 lazima vibaki 20. Vikibaki 11, una jibu ambalo hakuna kijiti kingekupa, na unalo bila kumdhalilisha mtu. Mtu mzima mmoja ashike chupa, aiweke kwenye sanduku la kufuli, atoe dozi ya siku. Nunua duka moja tu kila mwezi. Karatasi "iliyopotea" mara mbili, au kidonge kinachoisha wiki moja kabla, mwambie daktari; anaweza kubadilisha kwenda aina inayoachia dawa polepole kwa saa kama kumi na mbili, ambayo ni ngumu zaidi kuchezewa kuliko ile ya saa tatu au nne. Na mtoto anayetumia kwa haki, kwa dozi yake, asinyang'anywe dawa kwa sababu shangazi amesikia kwamba "ni ya kulevya". Methilfenideti iko chini ya udhibiti wa mkataba wa kimataifa wa 1971, na sheria ya Kenya ya dawa za kulevya ni ya 1994. Duka linalokuuzia bila karatasi ya daktari linavunja sheria, na huna hata uhakika wa kilichomo ndani ya kidonge hicho.

Sasa mahali ambapo vijiti hivi vinang'ara. Hakuna dawa iliyoidhinishwa ya kutibu uraibu wa vichangamshi. Methadoni ya kliniki ya Kisauni ni ya watumiaji wa unga na jamii yake. Kumpeleka huko mtu wa vidonge vya kukesha ni kumpotezea nauli. Wala dripu ya "kusafisha damu" haisafishi chochote ambacho figo hazingekitoa zenyewe kwa siku tatu. Tiba yenye ushahidi mzito kuliko nyingine ni ya ushauri nasaha ukiambatana na tuzo: mkojo safi, tuzo papo hapo. Hapo kijiti kinaacha kuwa mtego na kuwa mlango wa zawadi, na mtu mwenyewe anakuja mbio kupimwa.

Inaendeshwa hivi. Kwa amfetamini pima Jumatatu na Alhamisi, ili siku zisizopimwa ziwe chache. Kwa methilfenideti, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Muda ni wiki 12. Chukua mfano wa vipimo viwili kwa wiki: tuzo ya kwanza shilingi 100, kila kipimo safi kinachofuata kinaongeza 20. Asipokuja, au kijiti kikisema imo, hapati kitu siku hiyo na anarudi kwenye 100. Akitoa safi mara tatu mfululizo anarudishwa pale alipokuwa amefikia. Akipita vyote 24 jumla ni shilingi 7,920, chini ya gharama ya vikao vingi vya ugomvi na dawa za presha za mama. Tuzo isiwe noti mkononi. Iwe vocha ya supamaketi, tokeni za stima, bando, mafuta ya pikipiki. Na itolewe dakika ileile. Ahadi ya "mwisho wa mwezi nitakununulia" haifanyi kazi, kwa sababu kidonge chenyewe hulipa ndani ya saa moja. Mpango huvunjika zaidi kwa mambo mawili: mtoaji kuchelewesha tuzo, na mtoaji kuhutubia siku ya kuteleza. Siku hiyo sema tarehe ya kipimo kijacho, basi.

Usianze kupima wiki ya kwanza. Arosto (hali ya mwili baada ya kuacha dawa) ya vidonge hivi si kama ya unga; hakuna kutapika wala mifupa kuuma. Mtu hulala saa kumi na nne, huamka akala sufuria nzima, kisha hukaa akiangalia ukuta. Huzuni hiyo ni nzito zaidi siku saba za mwanzo na huweza kuburuta wiki kadhaa. Mpe chakula, maji na utulivu, na usimwache peke yake akianza kusema hana faida ya kuishi. Maneno hayo, au maumivu ya kifua, au mwili kuwaka moto na kuchanganyikiwa baada ya kumeza vingi, au kuona watu wanaomfuata, ni ya kumpeleka hospitali usiku huohuo; Coast General ina idara ya dharura, na Port Reitz ina kitengo cha magonjwa ya akili.

Ukitaka kituo cha kufanya naye kazi hii, Reachout Centre Trust na MEWA wamekuwa kwenye shughuli za uraibu hapa Mombasa kwa miaka mingi, na namba ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192, ambapo pia unaweza kuuliza kama rihabu uliyoambiwa imeidhinishwa. Kabla ya kulipa popote, uliza maswali ya vijiti: mnapima mara ngapi kwa wiki, mna MPD au AMP peke yake, kipimo kikisema imo mnathibitisha wapi, na mtu akiteleza mnamfanya nini. Wakijibu la mwisho kwa neno "tunamfukuza", tafuta pengine.